Mdomo wa Mfaume Ulipofungwa Waya

Mwanajuma binti Nassibu alikuwa na kipaji cha kuogopa, na hakukiacha kipaji hicho kilale hata siku moja. Pale Mtendeni walikuwapo wanawake waliojulikana kwa mapishi, kwa ususi, na wengine kwa ulimi. Yeye alijulikana kwa kurudi. Akitoka kwenda sokoni, alirudi kutazama kama ameufunga mlango. Akishaufunga, alirudi kutazama kama ameuzima moto. Akishauzima, alirudi kuligusa jivu kwa kidole, maana moto, alisema, una tabia ya kujifanya umekufa. Kazi yake ilikuwa kudarizi kofia, na huko hofu ilimfaa sana: hapakuwa na kofia ya Mwanajuma iliyowahi kufumuka, kwa kuwa kila tundu alilipitia mara mbili, kisha mara ya tatu kwa kulishuku tu.

Mumewe, Mfaume, hakuwa na dhiki hizo. Alikuwa utingo wa lori la Mwarabu mmoja lililofuata pamba Nzega, na kati ya mji huo na Tabora hakuna kijiji ambacho hakikuwahi kusikia sauti yake. Babu yake alikuwa mpagazi zama za misafara, na Mfaume alipenda kuwaeleza watu kwamba mzee yule alibeba pembe ya ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo, akaitua chini mara moja tu, tena kwa sababu alikutana na mkwewe njiani. Akisimulia tena mwezi uliofuata, pembe zilikuwa mbili.

Mwanajuma alimwogopea kila safari. Aliogopa lori kupinduka, aliogopa mito ya masika, aliogopa simba wa kule porini, aliogopa chakula cha magengeni. Hakuna jambo ambalo hakuliogopa, isipokuwa hendeli, ule mpini wa chuma wa kuwashia lori. Hendeli hakuwahi kuifikiria, na hilo baadaye lilimuudhi sana, kana kwamba mtu amepita nyuma yake.

Ilikuwa asubuhi ya mvua huko Nzega. Injini ilikuwa baridi, Mfaume akachomeka hendeli mbele ya lori, akazungusha. Injini ikakohoa, ikazunguka kinyume, hendeli ikamponyoka na kumrudia usoni. Madereva husema lori limepiga teke, na lile la Mwarabu lilipiga kama punda aliyechoka kufanyiwa mzaha. Taya la kushoto lilivunjika mahali pawili, shavu likapasuka kutoka pembe ya mdomo karibu hadi sikioni, na gego moja likabaki Nzega.

Dereva, Masolwa, mtu mwenye huruma kuliko maarifa, alichota pamba mbichi kwenye robota, akaijaza kwenye jeraha, akafunga juu yake kipande cha gunia, na kuendesha mpaka Tabora bila kusimama. Mfaume alikaa ameinama mbele njia nzima, kwa kuwa kila alipojaribu kuegemea nyuma, damu ilimkaba.

Kisha Masolwa akaja Mtendeni, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mama Zaina, usiwe na wasiwasi," alisema, akimwita kwa jina la binti yake aliyekwisha kuolewa mbali.

Mwanajuma akajua mambo yameharibika. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno hayo kukiwa na kheri.

Hospitali ya serikali ilichukua muda mrefu zaidi kuitoa pamba kuliko kushona. Daktari alikuwa Mzungu mrefu asiyependa kusema, na Mwanajuma, alipoonyeshwa shavu la mumewe limeshonwa, aliinama akazihesabu nafasi za nyuzi kwa jicho lake la kofia. Hakuona kasoro. Hilo lilimtuliza mpaka mumewe alipojaribu kufungua mdomo na mdomo ukakataa. Meno ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa waya nyembamba, jino kwa jino, kama wavu wa banda la kuku.

"Mmemfanyaje?" aliuliza.

Aliyemjibu alikuwa dresa, mfunga vidonda wa wodi ile, Alois, kijana Mkatoliki wa upande wa Kigwa, mwenye viatu vilivyong'arishwa na subira nyingi. "Mfupa hauna gundi, mama. Huungana wenyewe, ilmradi utulie. Mkono ukivunjika tunaufunga kwenye ubao. Sasa taya utalifunga ubao gani? Tumelifunga kwa mwenzake wa juu."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita."

"Wiki sita hasemi?"

"Atasemea kwenye meno."

"Wala hali?"

"Atakunywa. Pengo lile la gego ndiyo bahati yake. Huo ndio mlango."

"Na akitapika?"

Alois alimtazama. Jamaa wengine huuliza swali hilo siku ya tatu au ya nne, wengine hawaulizi kabisa mpaka wamechelewa. Akavuta kiti.

"Nisikilize, mama. Akitapika, jambo la kwanza mgeuze. Kifua chini, na kichwa kiwe chini zaidi ya kifua. Ingiza kidole, livute shavu, matapishi yatoke kwenye pengo na puani. Anachokunywa ni majimaji, yatatoka. Yakikwama, ukaona hapumui, ndipo unakata." Akatoa koleo dogo jeupe la kukatia waya, akamwonyesha waya zipi, za mbele hizi, kulia na kushoto. "Usipokata wakati wa kukata, atakufia mikononi. Ukikata wakati si wa kukata, mfupa utakwenda unakotaka wenyewe. Tutaanza upya, na mara ya pili taya haliwi kama mara ya kwanza. Atatafuna upande maisha yake yote, au hatatafuna tena. Kwa hiyo usikate kwa woga."

Kumwambia Mwanajuma asifanye jambo kwa woga kulikuwa sawa na kumwambia alifanye kwa mkono wa mtu mwingine. Katika hotuba yote ile maneno mawili tu yalimkaa kichwani, kata na usikate, nayo yalikaa yakigombana. Mengine yalipita kama abiria wa treni ya Kigoma.

Wodini koleo lilitundikwa kichwani pa kitanda, na walikuwapo watu wa kulitumia. Lakini vitanda vilikuwa vichache na watu waliovunjika walikuwa wengi, na shavu lilipoanza kukauka na homa ikakaa mbali, Mfaume aliruhusiwa kwenda nyumbani, awe anarudi kila wiki kutazamwa. Koleo akapewa mkewe.

Mwanajuma alipigilia msumari ukutani juu ya kitanda, akalifunga koleo kwa utepe alioukata kwenye kanga yake nyekundu, akalitundika. Akaenda jikoni. Akarudi kutazama kama bado lipo. Adhuhuri alifumba macho akajizoeza kulifikia bila kuona, na alipofumbua alimkuta mumewe amefungua jicho moja, anamtazama mwanamke aliyemwinamia na koleo mkononi.

"Mmmf?" alisema Mfaume.

"Najaribu tu, Baba Zaina. Lala."

Akalala, ila lile jicho moja alilibakisha kazini.

Maisha yao yakawa ya kuchuja. Mwanajuma alichuja uji kwa kitambaa, akauchuja tena, akaumimina kwenye birika la chai ambalo mdomo wake aliuvika kipande cha mpira mwembamba, na mpira ule ukapita kwenye pengo la gego. Alichuja maziwa, alichuja maji ya machungwa. Baada ya kila mlo alimsukutua kwa maji ya chumvi, akichungulia kati ya waya kwa taa ya chemni kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Mfaume alikonda mpaka suruali ikawa inamngoja anaposimama. Alikuwa na njaa ya chakula, na zaidi ya hiyo alikuwa na njaa ya kusema. Wageni walikuja wakakaa, wakamweleza habari za uongo kuhusu njia ya Nzega, habari ambazo yeye angezisema vizuri zaidi, naye akabaki kupiga godoro kwa ngumi.

Mwanajuma hakulala vizuri, wala hakudarizi. Alisikiliza. Mumewe akikohoa, mkono wake ulikuwa msumarini kabla kikohozi hakijaisha. Mara mbili alilishusha koleo kabisa na kulipanua, na mara mbili Mfaume akamshika kifundo cha mkono na kutikisa kichwa: bado, bado.

Kana kwamba hayo hayakutosha, alikuwapo Mwamvita, dada yake Mfaume, aliyekaa nyumba ya tatu kutoka hapo na kuja kila siku kusaidia kuhuzunika.

"Wifi, mimi nauliza tu," alisema siku moja, na kila aliyemjua Mwamvita alijua kwamba sasa haulizi. "Siku ya siku ikifika, Mungu apishe mbali, huyu shahada ataitamka na mdomo gani?"

"Ataisema moyoni."

"Moyoni! Mtu ana ulimi mzima kinywani, umefungiwa ndani kwa waya kama mfungwa, unaniambia moyoni?"

Kitandani Mfaume alijiinua kwa kiwiko, akaitamka shahada yote kupitia kwenye meno, kwa heshima zote, mpaka mwisho.

"Umesikia?" alisema Mwanajuma.

"Nimesikia mbu," alijibu Mwamvita. Akatazama koleo ukutani. "Na chombo chenyewe hicho hapo."

Neno lile lilimwingia Mwanajuma. Mpaka siku ile alikuwa akiogopa mumewe asife. Sasa alianza kuogopa pia atakavyokufa.

Wiki ya tatu ilipoanza, Mwamvita alileta supu ya kichwa cha mbuzi, imechemka tangu alfajiri, mafuta yake yakielea juu kama dhahabu. Mwanajuma akachukua kitambaa. Alipomaliza kuchuja mara ya kwanza akaanza ya pili, Mwamvita akamshika mkono.

"Basi, wifi! Hata nguvu unamchujia? Mtazame, amebaki mbavu na waya."

Mwanajuma akamtazama mumewe. Mfaume alikuwa ameshaushika mpira wa birika na kuuelekeza mahali pake, macho yamemtoka kwa hamu. Akampa. Akanywa birika zima, akaashiria jingine, Mwamvita akamjazia nusu kutoka sufuriani bila kuchuja. Baada ya hapo Mwamvita akaingia chumba cha pili kuswali adhuhuri, akiwa ameridhika sana na nafsi yake, na Mwanajuma akatoka uani kuosha vyombo.

Ndipo Omari alipofika.

Omari alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, dobi, mwenye kibanda cha kupiga pasi karibu na stesheni. Huko nyuma, Wanyamwezi walipokuwa wakipita Uzaramo na mizigo ya misafara wakienda pwani, walipigana na wenyeji mpaka pande zote zikachoka, wakaona afadhali watukanane milele kuliko kuuana. Tangu hapo ni watani. Mtani atasema apendalo, na atachukua apendacho mbele ya macho yako. Wewe unaruhusiwa kupiga kelele, tena ukipiga ndiyo mchezo unanoga, lakini hasira huna ruhusa. Ukikitaka kitu chako unakikomboa kwa kuku, na anayenuna ndiye aliyeshindwa.

"Hodi, wafiwa!" aliita Omari kutoka barabarani, akiegemeza baiskeli iliyosheheni nguo za watu.

Uani Mwanajuma alijibu kwa sauti: "Karibu, mla muhogo mbichi! Hapa hakuna msiba!"

"Hakuna? Na mimi nimefunga kibanda nije kula matanga? Basi nitangoja, hakiharibiki kitu." Akaingia chumbani, akamkuta Mfaume ameketi kitandani. Akapiga makofi. "Lahaula! Mnyamwezi amenyamaza! Kumbe dawa yenu ilikuwa waya, na babu zetu wakahangaika na mikuki bure!"

Mfaume alicheka, na kicheko chake kilitoka kwenye meno kama mvuke wa birika.

"Cheka taratibu, utafumuka. Haya, mimi sikai, nguo za Bwana Stesheni zinapata baridi. Nimekuja kuchukua urithi wangu mapema, kabla ndugu zako wa porini hawajateremka." Akaanza kukagua chumba. "Shuka hii? Mbovu. Viatu? Hapana, mimi pua ninayo moja tu, naitunza. Na hiki je?"

Mkono wake ulikuwa kwenye koleo.

"Mm-mm!" alisema Mfaume. "Mm-mm-mm!"

"Ahaa! Kumbe hiki ndicho chenye thamani! Maiti ameinua mkono!"

Mfaume akashuka kitandani, akamkamata shati. Akaonyesha mdomo wake, akaonyesha koleo, akaonyesha tumbo, akapiga kelele zote ambazo waya ziliruhusu. Omari alicheka mpaka machozi. Hajawahi kuona Mnyamwezi anayejua mchezo namna hii. Wakavutana, wakazunguka chumba kama watu wanaocheza ngoma, mpaka shati likamtoka Mfaume vidoleni na Omari akawa nje.

"Jogoo!" aliita akipanda baiskeli. "Jogoo mweupe, bila hivyo hulioni!"

Uani, Mwanajuma alisikia miguno ya mumewe na kicheko cha mtani, na kwa mara ya kwanza tangu Masolwa asimame mlangoni na kofia yake mkononi, akatabasamu. Baada ya kuogopa bila kupumzika muda wote ule, alipumzika wakati uleule ambao hakupaswa.

Alipoingia, Mfaume alikuwa amesimama mlangoni akihema, ameunyooshea kidole msumari. Ulikuwa mtupu.

"Liko wapi?"

Akaelekeza kidole barabarani.

Mwanajuma akakimbia bila ushungi mpaka njia panda. Baiskeli ilikuwa imeshapotea kati ya watu wa sokoni. Akafikiri amfuate mpaka stesheni. Akafikiri atakavyomwacha mumewe nyumbani bila koleo. Miguu ikamrudisha, maana ilishazoea kurudi.

Mfaume alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Jasho jembamba lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mkono wake ulikuwa tumboni. Supu yenye mafuta, na juu yake kicheko, na juu ya kicheko zile mbio za kuzunguka chumba.

"Baba Zaina," alisema Mwanajuma polepole sana, "usitapike."

Mfaume akatikisa kichwa kumhakikishia kwamba hatatapika. Kisha akatapika.

Haikutoka. Mashavu yalivimba, macho yakamtoka, akajishika koo kwa mikono miwili. Mwamvita alikatisha swala yake, akaja mbio na mkeka mkononi.

"Mayo wane, mama yangu! Kata, wifi! Kata!"

Mkono wa Mwanajuma ulikuwa umeshafika ukutani. Ukaushika msumari. Ukaachia, ukaushika tena, kana kwamba msumari ungejirekebisha.

"Nikate na nini?"

"Kisu! Meno! Chochote!"

Kisu hakikati waya. Mwanajuma alisimama na mikono mitupu, na kwa kuwa hapakuwa tena na kukata wala kutokukata, yale maneno mawili yaliyokuwa yakigombana kichwani mwake yakanyamaza, na nyuma yake akasikia mengine, kwa sauti ileile ya subira ya Alois: jambo la kwanza mgeuze.

Akamkamata Mfaume kwenye pindo la suruali na begani, akamwangusha kifudifudi kitandani, akamvuta mpaka kifua kikawa ukingoni na kichwa kikaning'inia karibu na sakafu. Akapiga magoti. Akaingiza kidole shavuni, upande uliokuwa umeshonwa, akavuta. Alijua anavuta kidonda kibichi. Akavuta zaidi. Supu ikamwagika kwenye pengo, ikamwagika puani, ikamlowesha mikono na kanga.

Kisha ikakoma, na pumzi haikuja.

Mwili wa mumewe ulitupatupa miguu. Mwamvita alikuwa ameshaitamka shahada kwa niaba ya kaka yake na sasa alikuwa akiitamka kwa niaba yake mwenyewe. Mwanajuma akasukuma kidole mpaka kwenye pengo, na huko akagusa kitu laini kilichojikunja, kimeziba kama kitambaa kwenye mdomo wa chupa. Kikateleza. Akakifuata. Kikateleza tena. Akakibana kwa ukucha kwenye pembe ya jino na kukivuta taratibu, kwa namna anavyovuta uzi uliojifunga fundo, maana uzi ukivutwa kwa pupa hukatikia ndani. Ukatoka mshipa mwembamba wa nyama ya mbuzi, mrefu kama kidole chake.

Nyuma ya mshipa ule supu ikaruka nje, na nyuma ya supu ikaja pumzi. Iliingia kwa sauti mbaya, ya mlango mzito unaoburuta sakafuni. Mwanajuma hakuwahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Omari alirudi kabla jua halijapinda sana. Mteja mmoja, mfagizi wa hospitali, alikuwa ameliona koleo likining'inia kwenye usukani akamwambia ni la nini. Alikuwa ameendesha kwa nguvu mpaka nguo za Bwana Stesheni zikadondoka njiani, na hakusimama kuziokota. Alipoona kitanda, sakafu na kanga ya Mwanajuma, akakaa kizingitini.

"Dada," alisema, "nipige."

"Mtani hapigwi."

"Basi nitukane."

"Kila siku nakutukana, Omari. Leo sina."

Kitandani Mfaume alisema kitu kwenye meno, wakalazimika kuinama wote watatu wamsikie. Akarudia.

"Jogoo. Mweupe. Na wa pili."

Omari alitaka kucheka kama ada inavyotaka. Kilichotoka kilikuwa kilio, na alilia kama mtu aliyefiwa kweli.

Siku ile ile walikwenda hospitali. Alois akachungulia mdomoni kwa muda mrefu. Waya moja ilikuwa imekatika yenyewe na nyingine imelegea, nyuzi za shavuni zilikuwa zimeacha pembeni, na Daktari aliitwa akakaza na kushona tena. Mwanajuma alisimama ukutani, mikono ikinuka supu.

"Taya limetikisika," alisema Alois baadaye. "Limetikisika kiasi gani, tutajua siku ya kufungua."

"Siwezi kujua sasa?"

"Hata Daktari hawezi."

Mwanajuma akainamisha kichwa. "Bwana dresa, lingekuwapo koleo ningekata. Kabla hajajishika koo ningekata."

"Najua, mama," alisema Alois. "Wengi hukata." Akamrudishia koleo, akaongeza, "Lakini wewe sasa unajua la kwanza ni lipi."

Ilikuwa kauli njema, ila haikumsaidia. Siku zilizobaki alizipitisha akimtazama mumewe kwa ubavu akiwa amelala, akipima kama kidevu kimehamia kushoto. Asubuhi alikiona kimehama. Jioni alikiona kimerudi. Alimwomba Mwamvita naye atazame, na Mwamvita, ambaye tangu siku ya supu alikuwa mpole kupita kiasi, aliona kila alichoulizwa kama anakiona.

Siku ya kufungua, Daktari alizikata waya moja moja na kuzidondosha kwenye bakuli. Mwanajuma alisikia kila moja ikilia. Mfaume akaambiwa afungue. Taya likakaa vilevile. Akaambiwa tena. Mishipa ya shingo ikamsimama, na mdomo ukafunguka, kwa shida, upana wa kidole kimoja, ukatetemeka, ukasimama hapo.

"Aume," alisema Daktari.

Mfaume akauma. Meno ya chini yalikuwa yamekwenda kando kidogo, kama mtu aliyekosea mstari wa swala akasogea. Lakini yalikutana. Daktari akaligusa taya chini ya sikio, akalibonyeza, akasema neno moja na Alois akalitafsiri.

"Limeunga."

Alibaki na kovu lililoivuta pembe ya mdomo juu, akawa na sura ya mtu anayezuia kicheko hata mazikoni, na kwa Mfaume hiyo haikuwa hasara kubwa. Akapewa vijiti bapa vya kuuma, asubuhi na jioni, kila siku aongeze kimoja katikati ya meno mpaka mdomo ukumbuke kazi yake. Alinung'unika sana, kwa sauti, na nyumba nzima ilifurahi kumsikia.

Ugali aliruhusiwa mwisho. Mwanajuma aliusonga laini, karibu na uji, akaweka mlenda, akatandika mkeka. Mfaume akanawa. Akamega tonge dogo kama la mtoto, akalizungusha kwenye mlenda, akalipitisha kwenye pembe ya mdomo isiyo na kovu. Akafunga midomo. Akaanza kutafuna.

"Usinitazame," alisema, mdomo umejaa.

"Sikutazami."

Chini ya sikio kukasikika mlio, ta, kama kijiti kikavu.

"Nini hicho kimelia?"

"Taya."

"Linauma? Baba Zaina, lina—"

"Mama Zaina. Niache nile kwanza."

Mwanajuma akageuka akatazama ukuta, ikawa mbaya zaidi, maana sasa alisikia tu: ta, kisha kimya, kisha ta. Kisha kimya kirefu. Akaushika ukingo wa mkeka kwa vidole vyote.

Mfaume akameza. Mkono wake ukarudi kwenye sahani, na tonge alilomega safari hii lilikuwa kubwa kuliko alivyoruhusiwa.